Tairi la Kupandia Lushoto: Namba za Ubavuni Nazo ni Amana

Kila aliyewahi kupanda Lushoto kutoka Mombo anaijua saa ile ambayo barabara huiacha tambarare na kuanza kujikunja. Mombo ipo kando ya njia kuu iendayo Moshi na Arusha, katika mwinuko wa takribani mita 400 kutoka usawa wa bahari. Lushoto ipo juu, karibu mita 1,400. Kati ya miji hiyo miwili ni kilomita 33 tu, lakini katika kilomita hizo gari hupanda kimo cha mita elfu moja, likipita Soni penye maporomoko ya maji, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Mvua za masika zikishika, mawe na udongo huporomoka na kulala njiani.

Ndugu msomaji, katika safari kama hiyo gari zima hugusa ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kisichozidi sana upana wa kiganja cha mkono. Baba, mama, watoto, bibi na mizigo yao wote hutegemea vipande hivyo vinne. Hata hivyo wengi wetu tukienda kununua tairi huuliza swali moja tu: bei gani?

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wauliza bei, mpaka siku ya pili ya Eid nilipopata somo langu pale Soni.

Kelele katika kona

Gari letu ni dogo na la zamani, Toyota Corolla ambayo imekwishavuka umri wa miaka ishirini. Lilikuja na matairi yenye namba 175/70R13. Matairi yalipokwisha, nilizunguka maduka kadhaa nikaambiwa kwamba saizi ya 13 imeanza kuadimika. Muuzaji mmoja akanipa suluhisho: rimu za 14 zilizokwishatumika pamoja na matairi ya 185/65R14. Alisema, “Haya yatakunyanyulia gari, huko milimani utapita bila kugusa mawe.” Bei ilikuwa nafuu, nami nikafurahi. Sikumuuliza lolote zaidi, naye hakunieleza lolote zaidi.

Tulipanda Lushoto kwa amani, tukasali Eid na jamaa, tukakaa. Siku ya kurudi tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto wawili. Nyuma tulipakia gunia la viazi, gunia la karoti na kabichi kadhaa za zawadi, maana nani ashukaye Usambaa mikono mitupu? Kabla ya kufika Soni, katika kona kali ya kushoto, tukasikia kelele kama ya kitu kinachokwaruzwa, kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua. Katika kona iliyofuata kelele ikarudi kwa nguvu zaidi. Mama akasema kwa utulivu, “Mwanangu, simamisha gari.”

Nilisimama Soni kwa fundi wa pancha, mzee wa makamo aliyekuwa akiziba tairi la pikipiki. Nilimsalimu, “Assalaam alaykum, mzee wangu.” Akaitikia, akajifuta mikono, akainama nyuma ya gurudumu la kulia. Aliingiza vidole juu ya bega la tairi akavitoa vimejaa unga mweusi. “Ukingo wa madigadi unalila tairi lako, mwanangu. Tazama mkato huu. Ungefika Mombo nao, au usingefika, Mungu ndiye ajuaye.”

Kisha akafanya jambo lililonifundisha kuliko maneno. Akalitoa tairi la akiba kwenye buti, ambalo lilikuwa bado lile la zamani la 13, akalisimamisha kando ya gurudumu la gari. La akiba lilikuwa dogo kuliko yale yaliyofungwa kwenye gari, na mtu yeyote mwenye macho angeliona. Akasema, “Ukipata pancha hapa katikati ya mteremko, utafunga hili upande mmoja na lile upande wa pili. Gari lenye mguu mfupi na mguu mrefu utalishushaje?”

Namba zile zinasema nini

Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi, na anayejua kusoma namba anaweza kuyaelewa. Tuchukue 175/70R13 82T.

175 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu wa tairi, lakini hakikuandikwa kwa milimita bali kwa asilimia ya upana: asilimia 70 ya 175 ni milimita 122.5. Herufi R hueleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na takribani matairi yote ya magari madogo siku hizi ni ya aina hiyo. 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kutokana na namba hizo unaweza kupata kimo cha tairi zima. Inchi moja ni milimita 25.4, basi rimu ya 13 ni milimita 330.2. Ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini, yaani 122.5 mara mbili, utapata takribani milimita 575.

Sasa pima lile la 185/65R14. Asilimia 65 ya 185 ni 120.25, mara mbili ni 240.5. Rimu ya 14 ni 355.6. Jumla ni milimita 596. Tofauti ni milimita 21, sawa na asilimia 3.6.

Msomaji anaweza kusema kwamba asilimia tatu si kitu. Katika barabara tambarare, gari likiwa tupu, huenda asihisi chochote. Mlimani hesabu ni nyingine. Kwanza, gari hunyanyuka kwa nusu tu ya tofauti ile, yaani sentimita moja, na sentimita moja hiyo ndiyo niliyouziwa kama faida. Pili, tairi kubwa huifanya kila gia kuwa nzito zaidi, hivyo injini ndogo huchoka kupanda. Wakati wa kushuka, ile hali ya injini kulizuia gari katika gia ya pili hupungua, na mzigo huhamia kwenye breki. Breki zenyewe nazo zinalazimika kukaza zaidi ili kusimamisha gurudumu lililo kubwa. Tatu, mshale wa mwendo hudanganya: ukisoma 60, kwa hakika unakwenda kama 62. Nne, springi za gari la zamani zimekwishalegea, na ukipakia watu na magunia, bodi hushuka na kulikuta tairi mahali ambapo halikutarajiwa kuwepo. Hilo la nne ndilo lililonipata.

Mafundi wengi hushika kanuni kwamba kimo cha tairi jipya kisitofautiane na la asili kwa zaidi ya asilimia 3, na ikiwezekana tofauti iwe chini ya hapo. Kwa gari la mlimani lenye umri mkubwa, mimi ningesema asilimia 2 inatosha kuwa mpaka.

Ukikosa saizi ya asili

Je, mwenye gari la 13 afanye nini saizi ikiadimika? Mlango upo, nao ni kuongeza rimu huku ukipunguza ubavu, ili kimo cha jumla kibaki palepale. Tairi la 185/60R14 lina kimo cha takribani milimita 578, yaani tofauti ya milimita mbili au tatu tu na lile la 175/70R13. Lile la 175/65R14 lina milimita 583, sawa na ongezeko la asilimia 1.4. Yote mawili ni ndugu wa karibu wa tairi la asili. Tazama basi jinsi 65 na 60 zinavyofanana machoni, ilhali 185/65 hukwaruza na 185/60 hutulia.

Kwa wenye gari kubwa kidogo kama Mark II yenye 195/65R15, kimo ni milimita 634.5. Wakihamia 205/55R16 wanapata 632, hakuna tatizo la kimo. Wakichukua 205/65R15 wanapata 647.5, asilimia 2 zaidi, hapo wawe waangalifu. Wakiuziwa 215/65R15 wanafika 660, zaidi ya asilimia 4. Hilo waliache dukani.

Kimo hakitoshi peke yake. Rimu nayo ina masharti yake. Idadi ya matundu ya nati na umbali kati yake lazima vilingane na vya gari; rimu isilazimishwe. Rimu iliyochomoza nje kuliko ya asili hulisogeza tairi kwenye ukingo wa madigadi hata kama kimo ni sahihi. Na rimu za aloi mara nyingi hutaka nati zake maalumu, tofauti na zile za rimu za chuma. Nati isiyokaa vizuri kwenye kiti chake hulegea njiani. Baada ya kufunga rimu mpya, endesha kilomita chache kisha simama uzikaze tena.

Liko pia jambo la uzito. Namba ile 82 inayofuata saizi ina maana kwamba tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 475. 86 ni kilo 530. 91 ni kilo 615. Tairi la badala lisiwe na namba ya uzito iliyo chini ya ile ya asili. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Hakuna muungwana atakayefikia mwendo huo katika kona za Soni, lakini herufi hiyo pia huonyesha uwezo wa tairi kustahimili joto, basi nayo isishuke chini ya ya asili.

Na hapa tuseme ukweli kuhusu magunia. Gunia la viazi la kilo mia moja ni sawa na abiria mmoja na nusu, na lote hukaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Hakuna tairi litakalosamehe magunia mawili na watu watano katika gari dogo.

Mwaka wa kuzaliwa kwa tairi

Wengi wetu hununua matairi ya mtumba, na si haramu wala aibu kufanya hivyo. Lakini tairi lina umri kama alivyo mwanadamu. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT, kisha tazama tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likitimiza miaka mitano lichunguzwe kila mwaka, na likifika kumi liondoke barabarani hata kama meno yake ni marefu, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka kwa ndani. Likunje kwa mikono, utazame nyufa ndogo kati ya meno na kwenye ubavu. Usilihukumu kwa weusi wake, maana weusi hupakwa.

Meno nayo yapimwe. Nchi nyingi zimeweka kima cha chini cha milimita 1.6, na matairi mengi yana vijiti vidogo vya mpira ndani ya mifereji, vilivyowekwa kwa kimo hicho. Meno yakilingana na vijiti, tairi limekwisha. Lakini penye mvua na ukungu wa Magamba, asiyesubiri mpaka hapo ni mwenye busara zaidi. Na ikiwa fedha inatosha matairi mawili tu, yafungwe mawili yanayofanana katika ekseli moja, na wataalamu wa matairi hushauri yale mapya yawe nyuma, ili mkia wa gari usiteleze konani. Kuchanganya vimo viwili katika ekseli inayovuta ni kuitesa difu.

Upepo wa tambarare na upepo wa mlimani

Kipimo sahihi cha upepo hakipo ubavuni mwa tairi. Pale huandikwa kiwango cha juu kabisa. Kipo kwenye kibandiko katika nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, na maandishi ya kibandiko hatuyasomi, lakini tarakimu ni zilezile: saizi ya tairi ya asili ipo, na upepo upo kwa kilopaskali. Kilopaskali 220 ni takribani 32 katika geji ya fundi. Kama umebadili saizi ya tairi, muulize fundi anayeaminika, ila usishuke chini ya kiwango cha kibandiko.

Wapo wanaopunguza upepo wakifika juu kwa kuamini kwamba tairi huvimba mlimani. Ni kweli kwamba hewa ya nje ni nyepesi zaidi huko, na geji inaweza kupanda kwa namba moja na nusu hivi kwa kila mita elfu moja. Lakini baridi ya mlimani nayo hushusha takribani namba moja, na hivyo viwili karibu hufutana. Tairi lililopunguzwa upepo Lushoto litashuka likiwa legevu mpaka kwenye joto la Mombo, likijikunja na kuchemka ubavuni. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla ya safari, na uliache hivyo.

Tawakkul baada ya kufunga kamba

Dua ya safari tunaisoma, na watoto wetu wanaihifadhi madrasa. Lakini tunalijua pia lile swali aliloulizwa Mtume (Rehma na amani zimshukie) juu ya ngamia: je, mtu amfunge kisha amtegemee Mwenyezi Mungu, au amwache huru amtegemee? Mafundisho aliyotoa ni kwamba kufunga kwanza, na kutegemea kufuatie. Ngamia wetu wa leo ana miguu minne ya mpira, na kamba yake ni namba zile za ubavuni. Qur'ani imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizi, na aliyebeba mama na watoto hajitii mwenyewe tu.

Muuzaji naye ana sehemu yake. Tunasimuliwa kwamba Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka akakuta unyevu uliofichwa chini ya nafaka kavu, akamkemea mwenye bidhaa kwa kuificha kasoro. Tairi kuukuu lililopakwa rangi, au lililochongwa meno upya kwa kisu, ni lundo lilelile. Na asiyesema kwamba saizi si ya gari hili, ilhali anajua, ameficha unyevu. Katika fiqhi ya biashara mnunuzi ana haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa. Lakini tairi likipasuka katika bonde la Soni, nani atarudi dukani kudai?

Hata hivyo sikutaka lawama yote iende kwa muuzaji. Mimi ndiye niliyekuwa na kibandiko mlangoni miaka yote ile, na sikukisoma. Ni kazi ndogo ambayo familia nzima inaweza kuifanya: andikeni katika daftari la nyumbani saizi ya tairi, namba ya uzito, kiwango cha upepo na tarakimu nne za mwaka. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukokotoa kimo cha tairi kwa kalamu na karatasi, na mama wa nyumba akiwa na daftari hilo hatahitaji kumwamini kila amwambiaye “hii inaingia”.

Siku ile pale Soni tulishusha magunia yote mawili, tukayakabidhi kwenye Coaster iliyokuwa ikishuka Mombo. Gari likanyanyuka, nafasi kati ya tairi na ukingo ikarudi. Mzee fundi akakagua tena mkato kwa kidole, akasema haujafika kwenye nyuzi, tushuke kwa gia ya pili, taratibu, na tairi hilo lisirudi tena mlimani. Nilipotaka kumlipa alichukua bei ya kujaza upepo tu. “Mengine nimempa mama yako Eid,” akasema.

Wiki iliyofuata niliuza yale matairi kwa mwenye gari ambalo saizi ya 185/65R14 ndiyo yake ya asili, nikamwonyesha mkato kabla ya kutaja bei, na lile lililokatwa halikuhesabiwa. Nikabaki na rimu, baada ya kuhakikisha hazikuchomoza, nikaziwekea 185/60R14, matano pamoja na la akiba. Tumekwishapanda Lushoto mara mbili tangu hapo. Mama huketi mbele, na kabla hatujaondoka huuliza kama daftari limesomwa. Likishasomwa, ndipo tunaposoma dua.